Nilimwahidi Bibi kwamba Nitamtunza Tjark

Mpendwa mshauri Tomma, shikamoo. Nakuomba unisaidie kwa sababu nimemwahidi bibi yangu jambo ambalo sijui kama nitaliweza, na tangu siku hiyo nyumbani kwetu kila mtu analala vizuri isipokuwa mimi. Nina miaka kumi na sita, ninasoma sekondari hapa Ostfriesland, kaskazini mwa Ujerumani, na mdogo wangu Tjark, aliyezaliwa na hali ya Down, ana kumi na mitatu, anapenda matrekta na wageni, na kila Jumapili kwa Bibi Gesche chai hainyweki mpaka yeye agawe sukari ya mawe na krimu, na akiona umetosheka anakutilia kijiko kikombeni yeye mwenyewe ili usimiminiwe tena, hata kama ulikuwa bado unataka.

Jumapili iliyopita Bibi alisema anaandika wosia, na nyumba yake na akiba yake ataniachia mimi peke yangu, kwa sababu binti wa jirani mwenye ulemavu alirithi kwa jina lake mwenyewe, na watu wa ustawi wa jamii wakamwambia atumie urithi wake kwanza ndipo arudi kuomba msaada, hadi ukaisha wote.

"Kwa hiyo Tjark simwandikii kitu," akasema. "Wewe mjukuu wangu ndiye utakayemtunza. Niahidi."

Nikamtazama Mama, naye akasema, "Mjibu bibi yako, chai inapoa." Baba akajifanya anatafuta biskuti. Nikasema ndiyo.

Tjark akauliza, "Na mimi napata nini?"

"Wewe unampata Wiebke," Bibi akamjibu, akininyoshea kidole mimi.

"Huyo ninaye tayari!"

Tukacheka sote. Akaongeza kwamba akikua atahamia mjini Leer akae na Hauke, rafiki yake wa shuleni, "maana Wiebke hajui kupika, hata mayai anaunguza." Tukacheka tena, na habari ikaishia hapo.

Lakini mshauri, mimi natamani kwenda kusomea viumbe wa baharini kule Norwe, na sijamwambia mtu. Ninampenda sana mdogo wangu, wala simkimbii, ila nikienda nitakuwa mwongo, na nikibaki naogopa siku moja nitamwekea kinyongo yeye asiye na kosa. Je, ipo njia ya Tjark kutokosa kitu, nami nikaenda? Natumaini ipo.

Wiebke

Wiebke binti yangu, marahaba. Njia ipo, kwa hiyo kwanza lala.

Bibi yako ana haki ya kuogopa, kwa sababu mali ikiingia moja kwa moja mikononi mwa Tjark, ataambiwa aile kwanza. Lakini dawa aliyochagua ni mbaya. Je, ukiolewa ukaachika? Ukiingia kwenye madeni? Ukifa kabla yake? Nyumba itakwenda, na Tjark atabaki na ahadi ya marehemu. Huo si mpango, ni kukutwisha mzigo na kuuita urithi.

Mama yako ampeleke Bibi kwa wakili wa mirathi anayejua wosia wa familia zenye mtoto mlemavu. Katika wosia huo Tjark anapata fungu lake, lakini linashikwa na msimamizi, ambaye humlipia yale ambayo msaada wa serikali haulipi: safari, miwani mizuri, likizo na rafiki. Msimamizi huyo asiwe wewe. Wazazi wako nao waandike wosia wa namna hiyo hiyo, maana hofu ya Bibi inawahusu wao zaidi. Baba aache biskuti.

Nawe nakugombeza kidogo. Umeficha Norwe, kisha unashangaa watu wanakupangia maisha kana kwamba huna yako. Sema. Jumapili Bibi akirudia ile ahadi, tia kijiko kikombeni mwako, mwambie kwa adabu: "Bibi, nitakuwa dada yake siku zote. Mtunza mali mtafute mwingine."

Halafu kuna jambo lililonisikitisha katika barua yako. Pale mezani ni mtu mmoja tu aliyesema wazi anataka kuishi wapi na nani, nanyi mkamcheka. Nyumba za kuishi pamoja kama anayoitaka zipo, na foleni zake ni ndefu. Mwulizeni Tjark tena habari za Leer, na safari hii mama yake Hauke awepo.

Na jifunze kuchemsha mayai. Atakuja kukutembelea.