Wanaume Wasio na Nyumba

Karama, Dubai
Jumamosi, 8 Novemba 2025

Kwako Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu uliokuwa ukivimba unaendeleaje? Sisi huku, Baba, Mama na mimi, ni wazima. Leo nitakueleza yote, hata lile litakalokuudhi. Nimeandika badala ya kukutumia sauti kwa sababu simu yako anaishika Ami Kassim, na anachosikia Ami Kassim, Baba hukisikia kabla chai haijapoa. Barua hii anakuja nayo jirani yetu Mama Saumu, anayesafiri Jumatatu. Shangazi Zuhura akusomee, na akifika pale anapotajwa asiruke.

Unajua kwamba mwisho wa mwezi huu mji wetu utapiga kura: je, kila nyumba itozwe kodi ya kila mwaka ili hospitali ifunguliwe? Jengo limekwisha, limepakwa rangi, na limefungwa kufuli kwa kukosa daktari, wakunga na gari la wagonjwa. Basi jana baada ya Alasiri wanaume wa kwetu walioko huku walikutana sebuleni mwetu ili waamue. Nasema waamue, lakini walikuja wamekwisha kuamua.

Aliyeongea zaidi ni Bwana Athmani, yule mwenye duka la vipuri vya magari Ras Al Khor, aliyejenga ile ghorofa yenye nguzo kama za benki ambayo hakuna anayelala ndani isipokuwa njiwa. Akamiminiwa chai, akaongezwa, kisha akasema, "Sisi hatuishi kule. Kwa nini tulipie hospitali ya watu wengine?" Watu wengine, Bibi! Mama yake mzazi anaishi kule. Wenzake wakaitikia kwa vichwa kama wanafunzi ambao hawakusoma somo na sasa wanamfuata aliyejibu kwanza. Nimefundishwa kuwaheshimu wakubwa, na sambusa niliwapelekea kwa adabu, lakini moyoni niliwadharau mmoja mmoja, kwa zamu.

Mama akauliza kutoka jikoni, "Na Zuhura?"

Wote wanajua kuwa mwaka jana Shangazi alijifungulia njiani, na mtoto akafariki kabla ya kufika kwa daktari. Wanajua pia kwamba ana mimba tena. Bwana Athmani akajibu, "Mungu atamsahilishia, inshallah. Khalas, yamekwisha, tuinue mikono." Wakainua: hapana, hapana, hapana. Baba alilitazama zulia, kisha naye akainua wake. Halafu wakasoma Fatiha, kana kwamba wamefanya jambo la kheri.

Ilibaki kumpigia simu katibu wa kamati ya kura huko nyumbani wampe kura zao. Bwana Athmani akaiweka simu mezani ili wote wasikie.

"Nyumba yako imeandikwa jina la nani, bwana?" katibu akauliza.

"La Mama. Lakini nimejenga mimi."

"Basi atapiga Mama. Kura ni ya mwenye jina. Haya, anayefuata?"

Aliyefuata, Mama. Mwingine, Mama. Na ya Baba pia ina jina la mama yake, yaani wewe. Sababu unaijua: kila mmoja akijenga huandikisha jina la mama yake, mkewe asije akaidai nyumba siku ya talaka. Wamejihadhari na wake zao mpaka wamejikuta hawana hata dirisha. Mama yangu alicheka mpaka akashika mlango. "Yalla, wenye maghorofa," akawaambia, "rudini kwenye vitanda vyenu vya kukodi."

Unadhani Bwana Athmani aliona aibu? "Hakuna shida," alisema. "Kila mtu ampigie mamake, amwambie aseme hapana. Vikongwe wale wanajua nini?" Nilikuwa nakusanya vikombe. Sijapata kusikia neno dogo namna ile likitoka kwa mtu mwenye tumbo kubwa namna ile.

Kwa hiyo Baba atakuambia hivyo Ijumaa ijayo, siku yake ya kukupigia. Atakubembeleza, na utamhurumia, kwa sababu si mtu mbaya. Anaogopa tu kuchekwa na wanaume wa hirimu yake. Walipoondoka nilimuuliza, "Baba, Shangazi si dada yako?" Akasema, "Kasome, Mwanaisha." Lakini hakunigombeza. Sijamkatia tamaa. Hao wengine nimewakatia.

Mwalimu wetu wa shule hapa alisema kura ni ya anayeipiga; mimi naongeza, hata kama mwingine amenunua saruji. Nafikiri alisema kweli, ingawa hakuwa akizungumzia saruji.

Nisalimie Ami Kassim, mdogo wake Baba, na umwambie simwogopi sana. Nisalimie Babu Omari, kaka yako, mwadhini wetu, kama kikohozi kimemwachia. Na wewe Shangazi, unayesoma haya kwa sauti, usilie. Endelea kusoma, limebaki swali moja tu.

Mama Saumu atakaa huko siku chache kisha arudi, kwa hiyo mpe majibu aniletee mkononi. Bibi, Ijumaa Baba akikuambia, "Mama, sema hapana," utamjibu nini?

Mjukuu wako anayekungoja,
Mwanaisha