Maharagi ya Kalkuta

Papa Maombi, bwana yangu,

Ni miye, bibi yako. Mutoto wetu Maombi njo anaandika, miye ninasema. Tangu tulipokuzika hapa Nyabiondo mvua haikupumzika, na kuko neno moja ninataka kukuambia mwenyewe, mbele dada zako hawajanishitaki kwako mu sala zao.

Unakumbuka ulivyorudi ku vita? Ulikuwa mubeba machela, Wazungu wakakupeleka mbali mpaka kwa Wahindi, na homa ikakuangusha mu muji ya Kalkuta. Watu walikuuliza habari ya bunduki. Weye ulisema tu habari ya mama moja mwenye kuuza wali kando ya barabara. Muji ilikuwa imetoka mu njaa, na yeye mwenyewe alikonda. Hukujua luga yake, naye hakujua yako. Alikuangalia, akasukuma sahani yake mbele yako: wali na samaki ya mutoni, na mafuta yenye kuchoma pua.

"Nililia," ulisema, "na haikuwa mafuta tu."

Njo tukaanza kupanga safari. Tukipalilia, tunapanga. Tutashuka mpaka Sake, tutapanda kamiyo ya mizigo, kisha gari-moshi, kisha meli. Utanionyesha daraja ya chuma yenye kupita juu ya mutoni mukubwa. Utanionyesha ng'ombe zenye kulala katikati ya barabara, na motokari zinangoja ziamuke. Aa! Hiyo nilikataa.

"Muchungaji wao iko wapi?"

"Hawana."

"Weye unaongopa, Papa Maombi. Homa njo ilikuonyesha."

Ulicheka mpaka ukaegemea jembe.

Tuligombana kwa kitu moja tu. Weye ulitaka tuanze ku daraja. Miye nilitaka tuanze kula kwa ule mama. "Mutu anaangaliaje daraja na njaa?" nilikuambia. Hata ulipolala mugonjwa ulikuwa ungali unanichokoza: "Daraja kwanza, Mama Maombi."

Na huwezi kufika mikono mitupu kwa mutu aliyekulisha. Kwa hiyo tulitundika kibuyu juu ya moto, mu moshi, maharagi na majivu ndani, isiliwe na wadudu. Kila mavuno tulitoa ya zamani tukatia mupya, ili siku ya kuondoka isitukute na maharagi ya kuzeeka. Ku kilio yako, siku ya matanga, chakula ilipokwisha, dada zako walinyoosha mikono ku kibuyu. Nikasimama mbele yake. "Hiyo ni ya Kalkuta." Walisema uchungu imeniharibu kichwa.

Sasa sikia. Mvua hii iliozesha maharagi yote mu shamba, ikabaki ya kibuyu tu. Njo ilikuwa mbegu yetu. Juzi mama moja akafika ku mulango, ametoka mu pori ya Walikale, mutoto mugonjwa ku mugongo, anaenda Masisi ku dispansere. Nikamusalimia Kiswahili, hakukijua. Nikajaribu Kihunde, akatikisa kichwa. Alijibu Kikumu, na miye sikuelewa neno ila "Walikale", "Masisi" na "dispansere". Akaketi chini ku mulango, akashika tumbo. Nilikukasirikia sana, sababu hukuwako kunikataza.

Nikashusha kibuyu. Nikapika yote. Nilipomusukumia sahani, vidole vyangu vilikataa kuiachilia, kisha vikaiachilia. Alikula bila kuinua macho. Mutoto akakunywa muchuzi. Yenye ilibaki nilimufungia mu jani ya ndizi.

Dada zako hawanisemeshi tena. Walitaka kula ya kilio nikawanyima, sasa nimepatia mutu wa njia, na wanauliza tutapanda nini. Wako na haki. Nitaomba mbegu kwa majirani, na aibu nitaimeza. Lakini kibuyu iko tupu, na safari yetu imekwisha, na kwa hiyo nimelia kuliko nilivyolia ku kaburi. Mungu anisamehe.

Basi pumzika, bwana yangu. Sitafika Kalkuta. Lakini ujue tulianza na kula, vile nilisema miye. Daraja, utanionyesha weye, huko uliko.

Bibi yako,
Mama Maombi