Jembe Lililoinuliwa

Barabara ya Salo, Keweenaw
9 Novemba 1996

Kwa shemeji yangu Tauno,

Salamu. Natumaini goti lako linakuacha ulale na jiko lako linavuta moshi vizuri. Mimi moyo wangu umechoka. Daktari ameniambia nisipange mambo ya baada ya barafu ya ziwa kuvunjika, na kwa kuwa nilimfundisha kemia mimi mwenyewe na alikuwa mwanafunzi mwangalifu, namwamini. Miguu imevimba. Viatu vya marehemu mume wangu Sulo ndivyo vinavyoniingia sasa.

Nakuandikia ingawa dirisha la jikoni kwako naliona nikiwa kitandani. Sitaki kusikia sauti yako. Barua hii itakwenda mjini na Gladys wa posta, itarudi na Gladys, na hiyo ndiyo njia fupi iliyobaki kati yetu.

Umewaona watu wakichimba mpakani. Wamesimamisha nguzo za chuma, reli za zamani za mgodi, kutoka kwenye mwamba wako mpaka barabarani. Miaka yote tangu uoe umekuwa ukisukuma theluji ya uani kwako kwa lile jembe, bamba la chuma la mbele ya pikapu yako, na kuileta kwenye konde langu, na mume wangu, kaka yako, hakukukataza kwa sababu hakuwa na tabia ya kukukataza lolote. Nyuma yako ni mwamba. Upande wa pili ni mwamba. Mbele ni barabara, na sheria hairuhusu mtu kuvusha theluji yake ng'ambo ya barabara. Kuanzia msimu huu, hata jembe moja la theluji lisivuke mpaka wangu. Utaiweka wapi? Fikiri. Mimi nililifikiria jambo hili kiangazi kizima, na lilinipa usingizi mzuri.

Sababu unaijua, lakini naiandika ili isije ikasemwa kwamba bibi kizee amechanganyikiwa. Asubuhi ile ya Januari mwaka huu Sulo alikuwa hapati pumzi, nikapiga simu kuita gari la wagonjwa. Theluji uani ilinifika kifuani. Desturi ya barabara hii sikuileta mimi: mwenye gari lenye jembe hufungua kwanza njia ya nyumba yenye mgonjwa, kisha ndipo hufungua ya kwake. Nikasikia pikapu yako inakuja. Nikatoka barazani na taa. Ulipunguza mwendo, ukanitazama, ukaliinua jembe, ukapita. Gari la wagonjwa likakwama barabarani. Watu wake walipofika chumbani, Sulo alikuwa amekwisha kufa.

Niambie kwa nini. Ukiniambia, huenda nikang'oa nguzo. Usiponiambia, theluji itaimeza nyumba yako, na mimi nitakuwa dirishani nikitazama.

Shemeji yako,
Vieno


Nyumba ya pili, hapo hapo
17 Novemba

Shemeji Mwalimu,

Shikamoo. Goti halijambo, linatabiri hali ya hewa kuliko redio. Pole kwa moyo. Wengi uliowafundisha watashangaa kusikia kwamba uliwekewa.

Nguzo nimeziona. Zimenyooka kweli, kama mistari uliyokuwa unatuchapia tukiikosea. Sasa mimi nitafanyaje? Pikapu yangu ina fowili, magurudumu yote manne yanavuta, ina minyororo, ina jembe lenye upana wa kitanda cha maharusi, lakini kusukuma lazima usukume kwenda mahali. Haya, nitaacha kusukuma, nitarusha. Ile mashine ya baba ya kurushia theluji iko garejini kwako na nusu yake ni yangu tangu mzee alipotuacha. Ni kuukuu, ni nzito kama ng'ombe mwenye mimba, lakini ukiilisha vizuri inatema theluji mpaka Kanada. Nitaifuata Jumamosi. Usihangaike kupika kahawa.

Kuhusu lile swali lako. Siwezi, shemeji. Wala usidhani ni ubishi, maana ubishi wangu unaujua ulivyo. Ukitaka kunizika, basi nizike.

Shemeji yako,
Tauno


29 Desemba 1996

Kwa shemeji Tauno,

Heri ya Krismasi iliyopita. Nimekusikia ukikohoa ukiwa nje. Jipake mafuta ya kafuri kifuani. Mimi sasa nalala nimeketi, kwa mito mitatu. Faida yake ni kwamba naona uani kwako vizuri zaidi.

Nimekuona ukirusha. Upepo wa ziwa ukakurudishia theluji yote usoni, ukageuza shingo ya mashine, nao upepo ukageuka. Wewe ukafanana na mtu anayegombana na mkewe. Nilicheka mpaka nikaishiwa pumzi, na kwa hali yangu hilo ni jambo la hatari.

Mchungaji Ruona alikuja kunipa chakula cha Bwana, akaniuliza kama kuna lolote moyoni. Nikamwambia lipo, na nalipenda. Akasema si vizuri nife nalo kimya, nimwambie aliyehusika. Kwa hiyo naungama kwako. Hakusema kwamba ni lazima nijute.

Ijumaa ile, kabla hujaja kuichukua mashine, niliteremka garejini. Ngazi nilizishuka kwa makalio, moja baada ya nyingine. Unazijua bolti laini zinazoshikilia parafujo kubwa ya mbele inayosaga theluji, zile alizokuwa Sulo akizibadilisha kila msimu. Zimefanywa laini makusudi, ili mashine ikimeza jiwe au bonge la barafu zikatike zenyewe, nawe uweke nyingine na uendelee. Nilizitoa. Nikaweka bolti za chuma kigumu, zile zisizokatika, nikazikaza kwa spana ya Sulo mpaka vidole vikafa ganzi. Juu yake nikapaka grisi ili usizione.

Nilikuwa najua utakachofanya. Greda likipita huacha tuta la barafu mdomoni mwa njia yako, na mtu mwenye akili hulivunja kwanza kwa mtaimbo. Wewe huna subira. Alhamisi uliipeleka mashine moja kwa moja kwenye lile tuta, na mlio ule, Tauno, niliusikia dirisha likiwa limefungwa. Giaboksi ikapasuka. Mafuta meusi yakamwagika juu ya theluji. Ukasimama pale umevua kofia, kama mtu aliyefika msibani. Nilikula mkate wa iliki vipande viwili, na kifua changu hakikuuma hata kidogo.

Hutapata giaboksi nyingine ya namna ile. Kiwanda chake kilikufa kabla ya baba mkwe.

Kwa nini uliinua jembe?

Shemeji yako,
Vieno


6 Januari 1997

Vieno,

Leo shikamoo huipati.

Ile haikuwa mashine yangu, ilikuwa ya baba. Baba alitembea nyuma yake baridi za miaka ishirini, akatuachia sisi wawili, na Sulo akaitunza kama mtoto. Mimi ungeweza kunipiga risasi nisingesema kitu. Lakini mwanamke msomi, anayejua Kilatini, kuvizia mashine ya mzee aliyempenda! Alikuwa anakupigia miluzi ukipita. Ulisahau?

Jirani zangu wamekuja na pikapu zao tatu, fowili zote, kunisaidia. Tumehangaika asubuhi nzima. Kila tukisukuma hapa inajaa kule. Mmoja wao akaniambia kwa upole, mzee, hapa huna tatizo la magari, una tatizo la jirani. Wakaniachia supu wakaenda zao. Pikapu yangu imebaki ndani ya tundu, theluji imepita paa lake.

Gladys amenituma nikwambie kwamba sisi wawili tungekuwa farasi, angekwisha tupiga risasi ili tupumzike. Anasema hili ni neno lake la mwisho, kisha akalisema tena.

Swali lako lile lile, jibu langu lile lile. Mwili bado ninao. Nitachimba.

Tauno


11 Februari 1997

Shemeji,

Shikamoo. Gladys ameniambia unakula kidogo sana na kwamba daktari sasa anakuja mwenyewe nyumbani. Pole, shemeji. Pole kabisa.

Umenishinda. Nakuandikia kwa taa mchana kweupe, kwa sababu theluji imeziba madirisha yote isipokuwa lile dogo la bafuni. Paa limeanza kulia. Natoka na kuingia kwa shimo nililochimba kutoka barazani, kama panya buku. Binti yangu Elaine anakuja Jumamosi kunichukua kwenda Green Bay, kwenye nyumba yenye mashine ya kuosha vyombo na mbwa anayevaa sweta. Sidhani nitarudi. Na kwa kuwa wewe nawe unaondoka, nimekaa nikawaza namtunzia nani siri hii. Mwenyewe amekufa. Ukiondoka wewe, nitabaki nayo mimi na yule mbwa.

Siku moja kabla ya ile asubuhi, Sulo aliniita kwa ile redio yetu ya upepo ya kuongelea. Alikuwa ameburuta miguu mpaka garejini ili usimsikie. Unakumbuka walikuwa wamemchukua mara mbili hospitali, wakamtia mirija kooni, akarudi sauti imemkauka. Pumzi yake ilikuwa kama mtu anayepiga msumeno. Alisema hivi, na nayaandika kama alivyoyasema:

"Tauno, usiku huu itaanguka nyingi. Kesho ukipita kwangu, inua jembe."

Nikamuuliza kama amelewa.

"Sijalewa, mjinga wewe. Nataka kufia kitandani pangu, nikisikia harufu ya jiko langu. Vieno atapiga simu tu. Hawezi kujizuia, ndivyo alivyo. Theluji ndicho kitu pekee katika nchi hii ambacho hakimwogopi. Inua jembe, upite. Na usimwambie kamwe. Afadhali akuchukie wewe kuliko anichukie mimi."

Nikabishana naye. Nikamtukana. Akaniapisha kwa jina la mama. Mama yetu unamjua, hata akiwa kaburini mtu hachezi na jina lake.

Kwa hiyo nilikuona barazani na taa. Nikavuta ile fimbo, jembe likapanda. Nilikwenda mpaka kwenye kona ya kanisa, nikasimama, nikakaa ndani ya pikapu mpaka vioo vikaganda. Kila siku tangu siku ile nimetamani angekuwa amemwomba mtu mwingine.

Ndiyo hiyo. Huna haja ya kung'oa nguzo, mimi sipo tena.

Shemeji yako,
Tauno


13 Februari 1997

Kwa Tauno,

Nimeipokea. Gladys alisimama mlangoni na buti zake akisubiri nilie. Sikumpa nafasi.

Nakuamini. Maneno ni ya Sulo, hata lile tusi. Usingeweza kuyatunga.

Sasa nisikilize, maana nyinyi wawili mlipatana garejini na redioni, na hakuna aliyeniuliza. Nikueleze nilikuwa wapi kaka yako alipokufa. Ulipopita na taa zako zikapotea, nilirudi ndani, nikamwambia Sulo anisubiri kidogo. Nikavaa koti lake. Nikachukua beleshi. Nilichimba njia ile mimi mwenyewe, bibi wa miaka themanini na mmoja, huku nikilitukana jina lako kwa kila lugha niliyosoma, na nilifika katikati, nikakutana na watu wa gari la wagonjwa wakichimba kuja upande wangu. Tukaingia pamoja. Alikuwa ameugeuza uso kuelekea mlangoni. Mkono wake mmoja ulikuwa nje ya blanketi. Aliniita? Sijui. Nje pale, kwa upepo ule, mtu angeweza kupiga baragumu nisisikie.

Mngeniambia, ningeiacha simu. Nisingekubali kwa furaha. Ningebishana usiku kucha, ningevunja sahani, ningewaita wote wawili majina yasiyoandikika. Halafu ningekaa chini kando yake, kwa sababu hakuna mahali pengine nilipotaka kuwa. Mlinipa beleshi nishike badala ya mkono wake.

Alisema siwezi kujizuia. Miaka hamsini na miwili ndani ya nyumba moja, na hakunijua. Na alitaka nikuchukie wewe ili nisimchukie yeye. Basi amekosa hilo pia. Sasa ninao wawili. Mmoja nitamkuta hivi karibuni, na nimemwandalia maneno ambayo hata huko hawajayasikia. Wewe umebaki upande huu, kwa hiyo adhabu yako nakupa mimi.

Mwambie Elaine arudi Green Bay peke yake. Toka kwa hilo shimo lako, uje kwa miguu. Kuna kiti kando ya kitanda changu. Utakaa hapo leo, na kesho, na kila siku mpaka nimalize. Hutachimba njia. Hutampigia mtu simu. Jiko likifuka moshi utaliacha lifuke. Utanishika mkono, ambao ni wa baridi na unanuka dawa, na utakaa bila kazi yoyote mikononi, ukinisikiliza nikitafuta pumzi, na kila utakapotaka kuinuka kufanya chochote, chochote kile, nitakukumbusha kwa macho. Utajua ni kitu gani hicho mlichoninyima. Utakijua chote mpaka mwisho wake.

Usiniombe msamaha, sitatoa. Usinisomee zaburi. Ukitaka kusema neno, niambie baba mkwe alikuwa akipiga miluzi wimbo gani, kwa sababu wimbo wenyewe umenitoka.

Njoo mapema. Vaa soksi nene, sakafu ya huku ni baridi.

Shemeji yako,
Vieno