Panga Lililoniponyoka

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na nafuu kidogo, na kwamba watoto sasa wanalala vizuri. Mimi mwili ni mzima, mengine utayasoma.

Siku ya mazishi uliniuliza ni kitu gani hasa kilichomuua shemeji, nikakujibu kwa mkato. Karakana yetu ilikuwa ikijaribu mapanga ya injini ya ndege, yale yanayozunguka ndani, yaliyotengenezwa kwa titani na alumini. Chembe za metali hizo mbili hushikana kwa mpangilio maalumu, kila moja mahali pake, ndiyo maana panga lake lina karibu nusu ya uzito wa lile la nikeli, na halilegei hata kwenye joto la nyuzi mia saba. Shemeji aliipenda mno kazi hiyo. Alinitania kwamba nitazeeka nikipanda ndege inayokula mafuta kidogo kuliko ninavyokula mimi.

Ubaya wa panga hilo ni kwamba likiwa baridi halipindi, hupasuka kama sahani. Kwa hiyo tuliambiwa: panga likianguka, hata lisipokuwa na alama, litupwe.

Asubuhi ile ya ajali shemeji aliwasha mtambo wa majaribio. Panga moja likakatika, likatoboa kinga ya mtambo, likampiga. Wakaguzi walisema aliongeza kasi kabla halijapata joto. Nilikuwepo meneja alipokwambia, mbele ya mama mkwe wako, kwamba mumeo aliponzwa na haraka zake. Ulinitazama. Nikainamisha kichwa.

Dada, shemeji hakuwa na haraka. Panga lile liliniponyoka mimi, siku moja kabla, nikilifuta. Nililiokota, nikalipapasa, sikuona ufa. Yalikuwa manane tu, na kutengeneza jingine kungechukua wiki sita. Niliogopa kusemwa, nikalirudisha. Shemeji aliniuliza kama yote yako sawa. Nikamwambia, “Yako sawa, shem.” Akaniamini.

Jana nilimpa meneja maelezo yangu yenye sahihi. Alinisihi niyaondoe, akasema marehemu haumii tena. Nikamjibu kwamba dada yangu anaumia. Nakala iko ndani ya bahasha hii.

Msamaha siuombi kwa karatasi. Jumamosi nitakuja nisimame mlangoni kwako. Usipofungua, sitagonga mara ya pili.

Wabusu watoto. Mama mkwe mwambie mwanawe aliifanya kazi yake sawasawa.

Ni mimi,
mdogo wako uliyemlea.