Kigauni Kilichokatwa

9 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Hujambo wewe, na mgongo wako, na hayo masufuria ya shule? Mimi nakula na kulala, namshukuru Mungu, ila nina neno na hapa sina wa kumwambia.

Mimi ni mjamzito. Miaka arobaini na moja, na wanangu wameota ndevu. Kliniki walinipima damu wakanikuta na virusi. Baba watoto naye akapima, anavyo. Nani alianza, hatukuulizana. Alirudi karakana akapiga randa ubao mmoja mpaka jua likazama. Ungeuona, mwembamba kama daftari. Asubuhi akaniletea maji ya kumezea kidonge.

Nesi anasema nikimeza kila siku, mtoto anaweza kuzaliwa salama. Nimemkatia kigauni. Kukishona, mkono hauendi.

Dada yako

21 Februari

Dada, shikamoo.

Nimesomea barua yako stoo, juu ya gunia. Mwenzangu akaniuliza mbona macho mekundu. Nikamwambia vitunguu. Siku hiyo tulipika uji.

Meza dawa. Mengine tutayalia nikija.

Mdogo wako

30 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Habari za hapo? Mimi miguu imevimba, vinginevyo salama.

Nimekosea. Nilifunga siku tatu kumwombea mtoto. Nikaona funga haiwi safi nikimeza kitu asubuhi, basi vidonge nikaviacha. Nesi nilipomwambia aliweka kalamu chini.

"Mama, unamwomba Mungu dawa, akikupa unaifungia kabatini?"

Siku zote tatu mtoto alikuwa akicheza tumboni. Sasa kila akitulia najiuliza nimemfanya nini. Nimerudia vidonge, sijakosa tena. Kigauni bado kimekunjwa.

Dada yako

12 Juni

Dada, shikamoo.

Umekosea siku tatu. Usizivute ziwe miezi. Mungu anakufahamu tangu ulipokuwa ukisinzia kwenye ibada huku umekunja mikono.

Shona hicho kigauni.

Mdogo wako

2 Septemba

Dada, shikamoo. Hujambo?

Nimehesabu kwa vidole, umeshajifungua. Hujaandika. Nikisikia baiskeli ya posta naacha mwiko sufuriani. Mstari mmoja tu, hata kama ni mbaya.

Mdogo wako

6 Oktoba

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. U mzima? Mgongo je? Nisamehe kwa kunyamaza. Kila nilipoanza barua niliishia kwenye salamu.

Alizaliwa tarehe kumi na saba Agosti, msichana. Tumempa jina lako, na sitaki ubishi. Nimekuwa nikimpa dawa ya maji kila siku kama walivyoagiza. Wiki ya sita wakamchoma kisigino, wakachukua matone ya damu. Leo tumeitwa.

Nesi akasema, "Hana. Tutampima tena, maana ananyonya, na wewe usiache dawa. Lakini hana."

Baba watoto akamwomba arudie. Akarudia. Njiani alimbeba yeye mpaka nyumbani.

Nilipofika nilikitoa kigauni kabatini nikamlaza juu yake. Mabega yameshapita. Nimengoja mno, mtoto akanizidi. Nimekata kingine, nikakiachia upindo mpana chini ili akirefuka niufumue. Mkono mmoja nimeshauunga. Bado kola, na nimekwama hapo: niiweke ya mviringo, au shingo ibaki wazi?

Nijibu mapema, kitambaa kiko kwenye cherehani.

Dada yako