Fundo la Leso Yako, Haboba

Haboba,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kitandani kwetu Kawangware, mgongo ukutani, na mdogo wangu Rajabu amelala, mguu mmoja juu ya daftari langu. Mvua imenyesha ikaacha. Mabati yanadondosha tone moja moja, na kila tone linanirudisha kwako Kibera, kwenye kile chumba chako cha Makina ambako hata mchana ulikuwa unatembea polepole. Shuleni wenzangu huwaita nyanya zao shosho au dani. Mimi nilikuwa na neno letu la Kinubi, haboba, na sasa sina wa kumwita nalo. Kwa hivyo naliandika.

Mama hajambo. Bado anafulia watu nguo kule Riruta, na jioni mikono yake inanukia sabuni. Mtungi wako tumeuleta huku, ule wa udongo uliokuwa ukiujaza mchanga na kuumwagia maji ili dawa ya Rajabu ikae kwenye ubaridi. Nikizamisha mkono kutafuta kichupa cha insulini, ule ubaridi unanishika vidole kama ulivyokuwa ukinishika wewe tukivuka barabara. Nakaa hivyo kidogo. Mama huniuliza kama nimelala nikiwa nimesimama.

Rajabu anakua. Amejifunza kusema "sitaki" na analitumia neno hilo kwa kila kitu, hata kwa vitu anavyovitaka. Sukari yake bado haijatulia. Asubuhi inapanda kama mtu anayekimbizwa, mchana inateremka bila kuaga. Anadungwa sindano, halafu anafunga mdomo, uji unabaki, na dawa tayari imo mwilini inatafuta kazi. Mtoto mkubwa ungemwambia kula. Huyu ana miaka miwili. Anachukua kijiko na kukiweka kichwani.

Ninachotaka kukueleza hasa ni habari ya arobaini yako.

Kulisomwa Qurani chumbani kwako, na uani kukapikwa pilau. Wanawake wa Makina walijaa mpaka viatu vikafika barabarani. Mama alikuwa hajatoka kazini, na mkoba wenye kimashine cha kupimia sukari nilikuwa nao mimi. Mama Zamzam, rafiki yako uliyesuka naye vifuniko vya sinia tangu mkiwa wasichana, alikuwa amejifunga leso yako ya zambarau. Ndiyo aliyopata nguo zako zilipogawanywa. Nilimwona kwa nyuma, na kwa muda mfupi nikadhani arobaini ilikuwa ya mtu mwingine.

Rajabu alikaa chini pale jua linapoingilia kwenye matundu ya bati. Unaukumbuka mchezo wake. Vidoti vya mwanga vimetawanyika sakafuni, yeye anaviokota kimoja kimoja na kukuwekea kiganjani, na wewe unafunga mkono kana kwamba umepokea kweli. Siku ile vidoti vilikuwa vingi. Vilitembea juu ya goti lake na hakuokota hata kimoja. Alivitazama tu. Nikainama nikamgusa shingoni kwa mgongo wa mkono, kama ulivyonifundisha. Jasho, na lilikuwa baridi.

Kimashine kilisema mbili nukta nane, nayo haifai kushuka chini ya nne. Nikatoka uani, nikachukua kikombe, nikaomba sukari.

Haboba, ile kazi yako uliifanya vizuri mno. Ulizunguka ploti nzima ukiwaambia majirani kwamba huyu mtoto ana ugonjwa wa sukari, asipewe peremende, asipewe soda, asionjeshwe chai ya mtu hata akilia siku nzima. Hakuna aliyesahau. Mama Zamzam alinishika mkono, akakitoa kikombe.

"Arobaini ya nyanya yako haijaisha, na wewe unavunja neno lake?"

Aliyekuwa akikoroga chai akasema hawa watoto wa Kawangware, wakisoma vitabu viwili, wanajiona madaktari. Wenzake wakacheka kidogo, bila ubaya. Kopo la sukari likapandishwa juu ya kabati.

Nilifungua mdomo. Unaijua sauti yangu. Ni wewe uliyekuwa ukiniuliza, "Hiyo sauti unaiweka akiba ya nini?" Nafikiri nilisema imeshuka, na mvuke wa sufuria ukayameza maneno. Nilipogeuka mlangoni, Rajabu kule ndani alikuwa ameegemeza kichwa ukutani na macho yake yamekuwa kama maji yaliyosimama. Kila kitu kikaenda mbali. Niliwasikia wasomaji kama walio upande wa pili wa mto. Nilijua jambo moja tu, kwamba akishalala sitaweza tena kumtia kitu mdomoni.

Hapo nikaiona pembe ya leso. Ile ya kulia, uliyokuwa ukiifunga fundo. Mama Zamzam alikuwa ameifua na kuipiga pasi, na makunyanzi hayakutoka.

"Hapa ndipo Haboba alikuwa akimfungia sukari," nikasema.

Sikuitambua sauti yangu mwenyewe. Ndani, wasomaji walinyamaza. Nikaishika ile pembe nikawaonyesha wote, nikawaambia kwamba dawa ikizidi chakula, sukari ya mtoto inaanguka, na ikianguka hivyo kitamu ndicho kinachomwokoa. Nikawaambia wewe ulijua, na kwamba uliwakataza wao na bado ukatembea nayo mwenyewe kila siku.

Mama Zamzam aliishika pembe, akayapapasa makunyanzi.

"Na mimi wakati wote nadhani ni ugoro," akasema.

Ndiye aliyepanda kiti kuliteremsha kopo. Tulikoroga sukari kwenye maji, nikamnywesha Rajabu kidogo kidogo. Alimeza. Kisha tukangoja. Wanawake wamechuchumaa kumzunguka, pilau inaanza kuungua, na hakuna anayeinuka. Nilikuwa natoa kimashine nimpime tena aliponyoosha kidole. Akagusa kidoti cha mwanga kwenye goti la Mama Zamzam, akakiokota. Akatafuta mkono wa kukiweka. Alikuwa anakutafuta wewe, Haboba. Alitazama mlangoni, akatazama kitanda chako.

Mama Zamzam akafungua kiganja.

Pilau ya arobaini yako ililiwa ikiwa na harufu ya moshi. Utatusamehe. Mama alipofika alisimuliwa na midomo yote kwa wakati mmoja, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kumnusa Rajabu kichwani mpaka yeye akasema sitaki.

Jumamosi nilipita Makina. Mama Zamzam amelifunga tena lile fundo, kwenye pembe ileile, na alinisimamisha mbele ya majirani niwaeleze upya. Nikawaambia wampime kwanza, au wamguse shingo kama kimashine hakipo. Akiwa macho na anameza, apewe. Akiwa hawezi kumeza, asitiwe chochote mdomoni, akimbizwe hospitali. Mmoja aliyekuwa nyuma alisema hasikii vizuri. Nikarudia kwa nguvu zaidi.

Siku nyingine nakuota. Unatembea mbele yangu kwenye uchochoro uliojaa mwanga, sioni uso, naona tu ile pembe ya leso ikining'inia. Sikukimbilii katika ndoto hiyo. Nafuata tu, na inatosha.

Nakuahidi mchanga wa mtungi hautakauka. Nakuahidi hata nikiwa shuleni, pembe ya kitambaa changu ina fundo. Na ile sauti, siiweki tena akiba. Ilikuwa akiba ya hili.

Pumzika sasa. Jua limerudi, na matundu ya bati yetu yameanza kudondosha vidoti juu ya blanketi. Rajabu anajinyoosha. Akiamka ataviokota, na kiganja changu kiko wazi.

Mjukuu wako,
Mariamu