Dari jipya la Benzi la Jovitus

Joyness, weka kikombe chini kwanza. Jovitus wetu kaaibika kule Mabawe, tena ukweni.

Lile Benzi lake la zamani si unalijua, kitambaa cha juu kimelegea mpaka kinawagusa abiria kichwani? Akataka liwe jipya kabla ya kwenda kwa kina Domisiana, mchumba wake. Fundi magari akamwambia asubiri kitambaa kitoke Mwanza. Hasubiri mtu. Akampelekea seremala wa Lusahunga.

Seremala gani? Yule wa majeneza.

Likatoka na kitambaa cheupe cha kung'aa, marinda pembeni, na milangoni vishikio vya rangi ya dhahabu. Jovitus anajipiga picha humo kama mfalme.

Ukweni akamwomba mzee Protasi, babake Domisiana, apande wazunguke kidogo. Mzee kaingia, kaegemea, kaangalia juu. Kagusa kishikio.

"Baba, umelipenda?"

"Mama yake Domisiana tulimzika na kitambaa hiki hiki."

Hiki hiki, Joyness.

Mzee akashuka. "Siku yangu ya kubebwa bado. Leo natembea."

Domisiana akamfuata babake kwa miguu. Jovitus akabaki humo ndani peke yake, mlango umefungwa, anatazama juu.